Gitaa la Fundi Cherehani wa Cheyo

Juzi, kwenye duka la simu pale Kitete, kijana mmoja alikuwa anatangaza gitaa kuukuu la chuma mtandaoni. Akawa anaandika huku akisoma kwa sauti: "Lilikuwa mali ya mwanamuziki maarufu."

Mama yake, aliyelipakata, akalipiga kofi likalia. "Muongo! Hili ni la marehemu baba yako. Huyo maarufu alikuwa anakuja kuliazima!"

"Mama, nani atanunua gitaa la fundi cherehani wa Cheyo?"

"Andika hivyo hivyo."

Akaandika, kanuna. Hata sijalipia vocha yangu, simu ya kijana ikaita. Ikawekwa spika. Alikuwa mzee mmoja wa kule Usoke: "Msimuuzie mtu! Fundi huyo ndiye aliyetupigia harusini. Nakuja na mke wangu."

Duka zima tukashangilia. Mama akamgeukia mwanawe, mabega yakicheza. "Haya, maarufu nani?"