Ukurasa wa Sitini na Moja

Wanafunzi walimwita Mwalimu Kwa-Nani, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Kwa miaka yote aliyofundisha hesabu sekondari, mwanafunzi aliyethubutu kuandika "ni dhahiri kwamba" katikati ya jibu alirudishiwa daftari likiwa na maneno mawili ya kalamu nyekundu: Kwa nani? Mwalimu alisema neno dhahiri ni zulia, na wavivu hufagilia uchafu chini yake. Watoto walimwogopa, wakafaulu.

Alipotimiza miaka arobaini na mbili alijiandikisha chuo kikuu kusomea shahada ya uzamivu ya hisabati, huku akiendelea kufundisha. Wifi yake mkubwa alimuuliza, kwa nia njema kabisa, kama hizo hesabu zilikuwa bado hazijaisha. Mumewe, fundi friji, hakuuliza kitu. Alichukua mlango wa friji iliyokufa, akaupiga msasa, akaupaka rangi nyeusi na kuufunga ukutani sebuleni uwe ubao.

Alichokuwa akitafuta kilielezeka hata kwa fundi friji. Chukua vituo, viunganishe kwa nyaya. Ni vituo vingapi vinaweza kuharibika kabla mtandao haujakatika vipande visivyosikilizana? Miaka saba aliifukuzia mitandao ya aina moja tu, mpaka akapata kanuni yake mwenyewe, isiyokuwamo katika kitabu chochote. Msimamizi wake, profesa mpole ambaye kusifu kulimuuma kama jino, aliisoma akasema, "Hii ni yako." Wiki nzima mwalimu alitembea kifua mbele, na alikuwa na haki.

Tarehe ya utetezi ikapangwa, nakala za tasnifu zikatumwa kwa watahini. Ikabaki kusaka makosa ya uchapaji. Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana mume alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, mke akifuatisha kwenye nakala yake. Alama zote za hisabati mume aliziita vijidudu, akaziruka. Wakafika ukurasa wa sitini na moja.

"Ni dhahiri kwamba kituo kimoja kikiondolewa, kinachobaki hakikatiki," akasoma. Akamtazama mkewe juu ya miwani. "Kwa nani?"

Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Mwalimu akainuka kwenda ubaoni kumwonyesha, bado anacheka. Akachora vituo saba na nyaya zake. Akafuta kimoja. Kicheko kikamkauka, maana mtandao ulikuwa umekatika vipande viwili mbele ya macho yake. Nyani haoni kundule. Kanuni yote ilikuwa imekalia neno alilowakataza watoto wa watu.

Na hakuna mwingine aliyeona. Profesa alikuwa ameupita ukurasa huo mara nne, na watahini walikuwa na kurasa mia mbili za kusoma. Zilibaki wiki tatu. Angenyamaza, huenda angepita, na ubao ungefutwa kwa kitambaa. Siku mbili alichora na kufuta mchoro uleule. Mumewe, aliyejuta kufungua mdomo, alimwambia labda ni jambo dogo tu.

"Baba watoto, friji inayovuja gesi kidogo unaiitaje?"

Fundi alitazama chini. "Mbovu."

Asubuhi iliyofuata alimpelekea profesa mchoro. Profesa aliutazama, akavua miwani, akakiri kwamba naye alipita hapo bila kugeuza shingo. Akasema utetezi unaweza kuahirishwa mwaka mmoja. Mwalimu akaomba siku kumi. Kanuni ya kwanza haikufufuka. Alichopata ni mdogo wake, kanuni nyembamba zaidi: ilikuwa kweli pale tu kila kituo kilipokuwa na nyaya tatu au zaidi. Ilimuuma kuipunguza, lakini hii ilisimama popote alipoisukuma. Akaandika upya kurasa tisa, akazituma kwa jopo pamoja na barua iliyosema waziwazi alikosea wapi.

Siku ya utetezi mumewe alikaa koridoni na mkoba wake wa spana, kwa kuwa mteja alikuwa akimsubiri. Ndani, mtahini wa nje, mama mfupi mwenye sifa ya kuangusha watu, alimhoji saa mbili nzima. Mwishowe akafungua faili, akatoa karatasi na kuiweka mezani. Vituo saba. Mchoro uleule.

"Huu niliuchora kabla barua yako haijafika," alisema. "Na ripoti ya kukukatalia nilishaiandika. Barua yako ndiyo iliyoichana."

Mtahini akafunua ukurasa wa sitini na moja ulioandikwa upya, akasoma tanbihi iliyokuwa chini: kosa la awali liligunduliwa na mume wa mwandishi, fundi friji. Akataka kujua huyo fundi yuko wapi.

Akaitwa. Aliingia na mkoba wake, akasimama karibu na mlango kama aliyeitwa kutengeneza kitu. Mtahini akamuuliza aliionaje hitilafu iliyowapita maprofesa.

"Mimi sikuona kitu, mama," alisema. "Niliuliza tu, kama anavyouliza yeye."

Jopo likatazamana. Mwenyekiti akasimama, akampa mkono mwalimu, akamwita daktari. Daktari alilia bila kujificha, na profesa asiyejua kusifu akapiga makofi kuliko wote.

Fundi alifika kwa mteja akiwa amechelewa saa tatu. Yule bwana alikuwa amefura, vyakula vyake vinaharibika, akadai kuambiwa alikuwa wapi muda wote huo.

"Chuo kikuu," fundi alijibu, akaweka mkoba chini. "Tulikuwa tunatetea."