Kichwa Nusu, Siku ya Matokeo

Ilianza Jumapili ya mwisho wa mwaka, saa tisa mchana. Nilikuwa nimekaa chini, juu ya gunia lililokunjwa, kichwa changu kati ya magoti ya mama jirani. Upande wa kushoto alikuwa ameshaumaliza, misuko midogo midogo iliyonyooka kama mistari ya daftari. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimesimama tu, zimechanwa, zinangoja. Maharagwe yalichemka kwenye mbabula, lile jiko letu la makaa, na kando yake palikuwa na redio ndogo ya betri, maana umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nchi nzima ilikuwa inangoja kusikia nani ameshinda urais.

Nilikuwa na miaka kumi na tano na sikuwa mtu wa maneno. Shuleni mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua, nilikuwa naangalia meza mpaka anamwita mwingine. Lakini mtu anayesukwa hadaiwi maneno. Anainamisha kichwa, anasikiliza. Kila mwisho wa mwaka tangu nikiwa mdogo mama jirani ndiye aliyenisuka, na mambo mengi niliyoyajua juu ya watu wa mtaa wetu niliyajulia pale chini, uso ukiangalia udongo, vidole vyake vikitembea juu yangu vyenye harufu ya vitunguu na mafuta ya mawese.

Lupango ule, kiwanja chake chenye nyumba ndogo na ukuta wa matofali mabichi, haupo tena. Shaba ilikuwa chini yake. Sehemu yote ile imezungushiwa uzio, na ukipita kwa barabara unaona udongo mwekundu uliorundikwa juu kuliko kanisa. Siku hizi tunakaa mtaa wa Manika, nyumba ina vigae chini, na nikitaka kusukwa naenda kwa dada mmoja karibu na soko ambaye anaangalia simu huku anasuka. Anasuka vizuri. Haniambii kitu.

Mama jirani alikuwa anasema kila kitu, isipokuwa kimoja. Yeye ni mtu wa huku huku Katanga, wa upande wa Sandoa. Sisi asili yetu ni Kasai, mkoa mwingine wa mbali. Babu wa baba yangu aliletwa kufanya kazi ya mgodi, na tangu hapo tunazaliwa hapa na tunazikwa hapa, lakini mpaka leo tukitajwa tunatajwa kuwa watu wa Kasai. Kwa hiyo bila kuuliza mtu tulijua: mama jirani kura yake ni ya mtoto wa Katanga, na kura ya kwetu ni ya yule mwingine, ambaye wazazi wake wanatoka kule kwetu.

Siku ya kupiga kura, yeye na mama yangu walitoka pamoja kabla jua halijatoka. Walibeba kiti kimoja kidogo, wakapokezana kukikalia kwenye mstari mrefu wa ile shule, na wakala karanga kutoka mfuko mmoja. Waliporudi wanacheka, mimi nilikuwa naosha sahani. Mama yangu akajaribu kumchokoza:

“Mama, uliweka wapi kidole?”

“Eh! Kura ni kama choo,” mama jirani akajibu. “Kila mutu anaingia peke yake, na akitoka habamuulize alifanya nini.”

Mama yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Ndivyo walivyoishi.

Basi Jumapili ile wino wa kura ulikuwa bado umeshika kwenye ukucha wa mama jirani. Sauti ya redio ilipoanza kusoma majina ya wagombea, aliendelea kusuka. Lakini kichwa changu kilikuwa kinajua. Jina la mtu asiye na maana likisomwa, vidole vinakwenda taratibu. Jina la mtoto wa Katanga liliposomwa pamoja na hesabu yake, msuko ulikaza mpaka nikahisi jicho langu limevutwa. Halafu likaja jina la mwisho, hesabu ndefu kuliko zote, na neno la kutangaza mshindi. Vidole vikasimama. Vilikuwa bado vimeshika nywele zangu.

Pengine angeendelea. Mimi naamini angeshusha pumzi, angesema neno moja la kuchekesha juu ya wanasiasa, na angeendelea. Lakini ng'ambo ya ukuta, upande wa kwetu, kulikuwa na kaku.

Kaku ndivyo tunavyoita bibi kwetu, na kaku wangu masikio yake yalikuwa yamekwisha zamani. Mama yangu alikuwa ameweka sheria nyumbani tangu wiki ya kampeni: “Kama ni wetu anapita, mufurahi mu tumbo. Kinywa kifungwe.” Baba, fundi umeme na mtu mpole asiyepandisha sauti hata kwa mbwa, ndiye aliyeikubali zaidi kuliko sisi wote. Sasa, kama nilivyohadithiwa baadaye, kaku aliona tu midomo ya watu inatabasamu, na akataka kujua.

“Nani?” Tulimsikia vizuri, mimi na mama jirani. “Ni nani amepata?”

Baba alisema kitu chini chini.

“Nani?”

“Ni wetu, kaku.”

“Aye, mi sisikie! Nani?”

“WETU!” Baba alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake, si kabla wala baada. “Ni wetu, kaku! Wetu njo amepita! WETU!”

Halafu kaku mwenyewe akapiga vigelegele, vile vya kijijini, virefu.

Mama jirani akaachia nywele zangu. Akazima redio.

“Wenu,” akasema polepole, kama mtu anayeonja chumvi. “Basi. Ni wenu.”

Nilibaki nimeinama. Nilingoja vidole virudi. Badala yake nikasikia kitana kinawekwa juu ya kiti.

“Simama, mutoto. Enda kwenu. Mikono yangu imechoka.”

Hakuwa amekasirika kwa sauti, na hicho ndicho kilichonitisha. Nilitaka kumwambia kaku hasikii, lakini yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Nikasimama. Kati ya lupango wake na wetu kulikuwa na tundu kwenye ukuta ambalo sisi watoto tulikuwa tunapita, lakini siku hiyo nikaona haya kulipita. Nikazunguka kwa barabara, mkono umefunika upande wa kulia.

Barabarani watu walikuwa wamesimama mbele ya milango. Hapakuwa na fujo. Dereva mmoja wa taksi-moto, pikipiki ya abiria, alipita anapiga honi bila kuacha, amefunga kitambaa kwenye usukani. Mwenye duka alikuwa anafunga mbao za dirisha mapema. Mteja wake akamuuliza:

“Unafunga juu ya nini? Unaogopa?”

“Mi sina woga. Nafunga tu.”

“Muulize raisi yako kama umeme anarudisha leo ao kesho.”

“Raisi yangu? Mi nilikuambia ni yangu?”

Vijana wawili wachimbaji, wametapakaa vumbi la kijivu, walikuwa wanakunywa maji ya mfuko pembeni. Mmoja wao akasema bila kumwangalia mtu, “Raisi haingiake mu shimo,” mwenzake akacheka, wakaondoka. Hata kama leo nacheka, siku ile niliona kama kila mtu anaangalia kichwa changu.

Nyumbani walikuwa wanafurahi kwa kunong'ona. Baba ndiye aliyeniona kwanza.

“Kichwa gani hii? Ni mode mupya?”

Kaka yangu akaanguka kwa kicheko. Mama hakucheka. Alinitazama, akatazama ukuta, na nikaona anaelewa.

“Alikutuma urudi?”

Nikatikisa kichwa kukubali.

“Alisema nini?”

“Alisema, wenu.”

Mama akakaa. Halafu akamgeukia baba. “Wetu, wetu! Kelele ile yote! Usiku mutoto akigonjwa, unakimbiliaka kwa nani? Kwa raisi?”

“Nilikuwa namwambia kaku tu...”

“Uliambia mtaa muzima!”

Baba akataka aende kueleza. Mama akamzuia: mshindi akienda kwa aliyeshindwa siku hiyo hiyo, hata akipiga magoti ataonekana anakwenda kucheka. Wakabishana. Kaku, ambaye sasa alikuwa ameelezwa, kwa kelele tena lakini ndani ya chumba, milango imefungwa, akaacha kutabasamu. Akatuhadithia tena habari za ile gare, kituo cha treni, mambo tuliyoyajua kwa moyo: namna watu wa Kasai walivyofukuzwa zamani, baba yangu akiwa mdogo, wakalala juu ya mizigo wakingoja mabehewa, na watoto wakafa pale. Sikuwahi kujua kama alikuwa anatuonya au anakumbuka tu. Alimaliza kwa kusema kwamba wakati ule majirani waliowaletea bukari, ule ugali wetu, gizani walikuwa ni watu wa huku huku.

Mimi, nitasema ukweli, nilikuwa nalia juu ya nywele. Nchi sikuifikiria sana. Nilifikiria misa ya Bonane, Mwaka Mpya, kesho asubuhi, gauni langu la kikwembe kipya, kile kitenge cha sherehe, na wasichana wa darasani watakaonikuta na kichwa cha namna mbili. Lakini chini ya hilo kulikuwa na jingine, na lilitoka nje mama alipoleta kitana chake.

“Leta nikumalizie.”

Mama yangu anajua kufanya mengi. Kusuka hajui. Alijaribu msuko mmoja upande wa kulia, ukatoka mnene kama kamba ya mbuzi. Akacheka kidogo, akaufungua.

“Basi tufungue yote. Nikufunge kitambaa kizuri, hakuna atakayejua.”

“Hapana,” nikasema.

Wote wakanigeukia. Nadhani lilikuwa neno langu la kwanza la kukataa katika nyumba ile.

“Hapana ginsi gani?”

Ile misuko ya kushoto ilikuwa kazi ya asubuhi nzima, ya mikono ya mama jirani. Niliona kama tukiifungua, tunamwambia kweli imekwisha. Lakini sikusema hivyo. Nilisema tu tena hapana, nikaenda kulala mapema, shavu la kulia kwenye mto. Ng'ambo ya ukuta hakukuwa na sauti. Kawaida mwisho wa mwaka mama jirani alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, na kuimba, na mama yangu anamwitikia kutoka huku. Jioni ile mama alitwanga peke yake, kidogo kidogo, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Asubuhi nikavaa gauni. Mama akaweka kitambaa juu ya kitanda na kwenda kumvisha kaku. Nikakiacha pale kitandani. Nikatoka, kichwa wazi, nikazunguka kwa barabara mpaka kwenye mlango wa mbele wa mama jirani, nikabisha kwa jiwe kama mgeni.

Alikuwa anafagia. Amevaa nguo za kazi, na misa ilikuwa karibu.

“Bonane, mama.”

“Bonane.” Akanitazama kichwa. “Mama yako hakufungue ile?”

“Nilikataa.”

“Juu ya nini?”

Nikaangalia udongo. Alingoja. Hakumwita mwingine kama mwalimu.

“Kaku hasikie,” nikasema mwishowe. “Papa alikuwa anapaza sauti juu ya kaku asikie.”

“Mi najua kaku hasikie. Miaka yote hii mi njo nasalimiaka kaku kwa kumushika mukono.” Akaegemeza ufagio. “Hasira yangu haikuwa ya kelele, mutoto. Batu bashinde, bapige kelele, ni haki yao. Ni ile neno. Nasuka kichwa yako tangu ungali na meno ya maziwa. Mi nilifikiri ‘wetu’ ya nyumba yenu, niko ndani.”

Kengele ya misa ya kwanza ikaanza kulia. Upande wa kwetu nilimsikia mama ananiita kwa jina, mara moja, halafu akanyamaza. Nadhani aliona kitambaa kitandani.

Nikalichukua lile gunia lililokuwa bado pembeni ya kiti, nikalikunja, nikakaa chini na gauni langu jipya, mgongo kwake, nikainamisha kichwa.

“Utachafuka,” akasema.

“Eeh.”

“Na misa?”

“Eeh.”

Akanawa mikono, akachukua kitana. Halafu kiti kikalia kwa uzito wake, magoti yakanishika mabega, na ncha ya kitana ikachora mstari upande wa kulia, kutoka paji la uso mpaka shingoni. Misa ya kwanza tulikaa nayo pale, tunaisikia kwa mbali, na nyimbo alizozijua aliziimba.