Jumamosi za Tambi

Adela alipotua uwanja wa ndege wa Dulles, Marekani, Septemba 1998, akiwa ameshikwa mkono na mtawa wa Kihaya aliyekuwa anakuja masomoni, Honorata alimtambua kwa paji la uso tu. Paji lilikuwa la Laurean, mumewe. Mengine yote yalikuwa mageni. Alimwacha kijijini Kamachumu kwa bibi yake akiwa na miaka mitano, ana pengo la jino la mbele. Sasa alikuwa na kumi, mrefu, amenyooka kama mtoto aliyefunzwa adabu na watu wengine.

"Shikamoo," alisema, akapiga goti palepale sakafuni, watu wakimpita na masanduku yao.

"Marahaba, mwanangu." Honorata alimkumbatia. Mtoto alitulia, lakini mikono yake ilibaki ubavuni.

Miaka yote ile Laurean alikuwa akimwita mkewe Mama Adela, hata kwenye simu, hata mbele ya Wamarekani. Adela mwenyewe hakumwita kitu. Kule Kamachumu, "Mama" alikuwa bibi. Akihitaji jambo, alikuja kusimama kwenye mlango wa jiko mpaka aonekane.

Honorata alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, mjini Annandale, na nusu ya kazi hiyo ilikuwa kulisha. Alijua kumsubiri mzee ameze, alijua kuzungumza habari za mvua huku kijiko kikienda. Wazee waliowashinda wenzake, kwake walikula. Sasa akirudi nyumbani alimkuta mtoto wake mwenyewe ameshika tonge la tatu, linapoa.

Alipika ndizi kwa maharage, akizitafuta ndizi zenyewe kwenye duka la Wasalvador. Alipika samaki wa nazi. Alipika wali na kuku, chakula cha sikukuu, siku ya Jumanne.

"Nimeshiba, asante," Adela alisema, akainuka kuosha sahani yake.

"Mwache," alisema Laurean. "Njaa itamfundisha."

Serah, rafiki wa Honorata, nesi Mkenya aliyekaa mji wa Columbia, alimwambia kwenye simu, "Usijipe stress, Honorata. Huyo msichana ana-adjust tu. Mpe time." Honorata akampa muda, lakini macho hakuyatoa kwenye ile sahani.

Jumamosi moja ya Novemba gari lao lilianza kulia breki. Laurean alimchukua Honorata kazini saa sita mchana, bado amevaa sare yake nyeupe, Adela akiwa kiti cha nyuma, wakalipeleka gereji. Fundi akasema wasubiri kwa muda wa saa mbili. Mvua ya baridi ilikuwa inanyesha na gereji haikuwa na hata benchi. Mlango wa pili ulikuwa mkahawa wa Wavietinamu, vioo vimejaa mvuke.

"Tuingie tupate joto," alisema Honorata.

"Chakula cha kununua ni cha wasafiri," alisema Laurean. Hata hivyo alikuwa wa kwanza kufungua mlango.

Orodha ya vyakula ilikuwa na namba, kwa hiyo wakaagiza namba. Yaliletwa mabakuli matatu makubwa kama mabeseni ya kunawia: tambi nyeupe za mchele ndani ya supu ya ng'ombe, nyama iliyokatwa nyembamba kama karatasi, na sahani ya pembeni yenye majani ya mrehani, choroko zilizochipua na vipande vya ndimu. Vijiko vilikuwepo, vifupi, vya supu tu. Kwa tambi, kulikuwa na vijiti.

Watatu hao wakatazamana. Laurean, aliyewahi kuwa mwalimu wa jiografia, alivishika vijiti vyake kama chaki mbili. Honorata alijaribu, akafanikiwa kuinua fungu zima la tambi, akalipeleka mdomoni kwa uangalifu wote wa kazi yake. Lilipofika kidevuni likateleza likaanguka kwenye bakuli. Supu ikaruka ikamwagika kifuani, kwenye ile sare nyeupe, na uzi mmoja wa tambi ukabaki unaning'inia kwenye kitambulisho chake.

Kisha akasikia sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu mwaka 1993. Adela alikuwa anacheka, amejiziba mdomo kwa viganja viwili, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. Laurean naye akaanza. Honorata alitaka kuona aibu, akashindwa, akacheka nao.

Mhudumu, mama wa makamo aliyevaa sweta, alikuja na uma tatu bila kuulizwa. Adela akatikisa kichwa. Alivitaka vijiti. Akaliinamia bakuli, akazivuta tambi kwa kelele ambazo nyumbani kwa bibi zingemletea kofi, na Honorata hakumtazama, kwa sababu alikuwa anahangaika na sare yake. Alipoinua macho, bakuli la mtoto lilikuwa limebaki na vikonyo vya majani tu.

Gari lilipona siku ileile, lakini Jumamosi iliyofuata walirudi. Na iliyofuata. Bakuli moja lilikuwa bei ambayo hata Laurean hakuweza kuilalamikia, ingawa alijaribu. Adela alijifunza vijiti kabla ya wazazi wake, akawa anamfundisha baba yake: "Kidole hiki kisitembee, Baba. Hiki ndicho kinatembea."

Ilikuwa mwishoni mwa Januari, mkahawa umejaa, Honorata akimtafuta mhudumu kwa macho. Adela akainua mkono kama yuko darasani. Yule mama wa sweta alipofika, mtoto alimwambia kwa Kiingereza, polepole, kila neno likisimama peke yake, "Mama yangu anaomba ndimu nyingine."

Ndimu zikaja. Honorata akazikamua zote, moja baada ya nyingine, mpaka supu ikawa chachu hata hainyweki, na akainywa. Laurean, aliyesikia vizuri kabisa, aliona heri aisome orodha ya vyakula upya.

Machi Adela alitimiza kumi na mmoja, akachagua mkahawa wa Kijapani aliouona kutoka dirisha la basi la shule. Ulikuwa mdogo, meza sita, na mchana uliuza sinia la chakula kwa bei nafuu: supu, wali, na vipande vya samaki. Samaki wenyewe hawakupikwa.

"Mimi nimezaliwa karibu na ziwa," alisema Laurean, akilisogeza sinia mbali kidogo. "Samaki mbichi ni chakula cha mnandi, ndege wa ziwani."

"Lakini Baba, senene ni wadudu, na unawala na macho yao."

Honorata alilazimika kuweka kikombe cha chai chini. Laurean alimtazama binti yake kwa muda, mwalimu aliyepewa jibu sahihi na mwanafunzi asiyetarajiwa. Akachukua kipande kwa vijiti, kidole hiki kikitembea na hiki kikitulia, akakila. Akatafuna sana.

"Si mbaya," akasema. "Ila angepitishwa motoni kidogo tu, angekuwa samaki."

Walipokuwa wanarudi, barabara ikiwa na foleni, Honorata aliuliza bila kugeuka, "Adela, kwa nini nyumbani ulikuwa huli?"

Mtoto alifikiri. "Ulikuwa unanitazama. Kila tonge."

"Nilikuwa nakutazama wewe. Miaka mitano sikukuona."

Taa ikawa kijani, gari likasogea. "Basi nitazame, Mama," Adela alisema. "Ila na wewe uwe unakula."

Tangu siku ile Honorata alijipakulia kwanza. Ndizi zilianza kuisha sufuriani, na ilibidi aongeze za sahani moja zaidi kila alipopika. Serah alipokuja kuwatembelea siku ya Pasaka alimkuta Adela jikoni anamkaripia baba yake kwa kukata vitunguu vinene, na hakuamini ni mtoto yuleyule aliyesimuliwa kwenye simu.

Jumamosi hawakuziacha. Laurean alitaka supu, Adela alitaka Wajapani, na Honorata, aliyelisha watu wiki nzima, alitaka kukaa tu aletewe. Kwa kawaida walibishana waende wapi mpaka kwenye maegesho.