Ukungu wa Mkate

Saa nane usiku mlango wa wodi ulikuwa bado umefungwa. Nilikuwa kwenye benchi ya chuma, sweta ya Akello ya kazini, bado ina vumbi, mapajani na Biblia juu yake. Ndani, binti yangu alikuwa anakohoa damu. Daktari aliniambia wazi kwamba isipokoma kufikia asubuhi, watampeleka Nairobi akapasuliwe, na hakuwa na hakika kama angefika.

Biblia sikuisoma. Niliishika tu, mikono ilitaka kitu cha kushika.

Akello ni mtu wa kazi. Alizaliwa baada ya mapacha wangu, ndiyo maana ya jina lake kwetu, na tangu mdogo ameishi kama mtu anayewakimbiza waliomtangulia. Alipomaliza shule hapa Thika, alipanga chumba Ruiru akaajiriwa kwenye kinu cha chakula cha kuku. Alifungua magunia ya mahindi na kuyamwaga kwenye mashine. Mahindi ya kuku hayachaguliwi sana. Mengine yalikuja yameshikana kama ngumi, yameota manyoya ya kijani, na akiyapiga kwa fimbo yanatoa vumbi. Nikimtembelea jioni nilimkuta nywele zimekuwa za kijivu. "Mami, shika adabu," ananitania, "leo mimi ndiye nyanya yako."

Mwaka juzi alishikwa na TB. Nikamrudisha kwangu Makongeni, hapahapa Thika, akameza dawa miezi sita, na kila kidonge nilikiona kikipita kooni. TB ikaisha, ila ikamwachia tundu kwenye pafu la kulia. Akarudi kinuni, safari hii akitokea kwangu. Mwaka huu, mwezi wa sita, kikohozi kikaanza tena.

Kliniki kulikuwa na foleni hadi getini. Aliyetuhudumia aliinua picha ya kifua kwenye mwanga, akasema kulia kuna ukungu, akaandika barua, akaita mwingine. Ile picha niliiona kwa macho yangu. Weupe ulikuwa umetanda, kama Thika inavyokuwa asubuhi za Julai, huoni hata nyumba ya jirani. Nikaona nimeelewa. Mtoto ameingiwa na baridi.

Basi nikatibu baridi. Nilimvalisha sweta mbili, nikaziba dirisha kwa magazeti, kila jioni nikamfukiza kwa majani ya mkalitusi hadi kuta zikatoka jasho. Akello alilalamika kwamba namfunga kama gunia la viazi. Kazi sikumkataza, kinuni kuna joto. Barua ilisema twende hospitali kubwa, lakini niliona ukungu hauhitaji hospitali, unahitaji jua. Tungengoja Septemba.

Wiki ya sita ya kungoja, jioni ya kuamkia usiku huu, alikohoa ndani ya beseni. Beseni likawa jekundu. Pale mapokezi waliponiuliza ana nini, nilijibu TB imerudi, imeletwa na baridi.

Saa tisa hivi, mtu wa maabara anayeitwa Mwangangi alikuja akaketi kando yangu.

"Mama Akello, makohozi hayana TB," alisema. "Hakuna mtu aliyewahi kuwaambia kitu kingine?"

Ningeweza kunyamaza. Aliyepuuza barua ni mimi.

"Kliniki walisema ana ukungu."

"Mkafanya nini?"

"Nilimpasha joto."

Alinitazama. Hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Mama, si ukungu wa asubuhi," alisema. "Ni ukungu wa mkate."

Nikafungua Biblia. Barua ilikuwa palepale nilipoiweka, kwenye Zaburi. Nilikuwa nimeishika usiku wote. Mwangangi aliisoma akiwa amesimama, akaniuliza Akello anafanya kazi gani. Nilipotaja magunia, aligonga mlango wa wodi, akampa muuguzi barua, akapewa chupa ndogo ya damu akaipime. Mlango ukafungwa tena.

Aliporudi, saa kumi na moja, alisema damu imethibitisha, na dawa ya kuvu imeanza. Nikamuuliza ukungu wa mkate unaingiaje kifuani mwa mtu.

Alisema mbegu zake ni nyepesi kuliko vumbi, sote tunazivuta, na miili mingi inazimaliza. Lakini kila mbegu inakuja imevaa koti la protini, koti lisiloshika maji, na koti hilo linaificha. Askari wa mwili wanaipita kama kokoto. Kwenye tundu lililoachwa na TB, hao askari hawafiki vizuri. Mbegu inavua koti, inatoa nyuzi, kisha inatema protini nyingine, hizi za kukata.

"Umewahi kufunga nyama ngumu kwa majani ya papai?"

Nilimwambia nimewahi.

"Inalainika kwa sababu utomvu wa papai una protini zinazokata nyama. Ukungu una zake. Unakata pafu polepole ili ujilishe. Ukifika kwenye mshipa, ndiyo hiyo damu."

Nikaona dirisha langu lililozibwa. Nikaona ile kona ya ukuta juu ya kitanda chake, iliyoanza kuwa nyeusi mwezi wa saba, nami nikadhani ni moshi.

Nilimuuliza kama dawa itawahi. Alisema dawa ya kuvu ni ya miezi, damu ni ya sasa hivi, na daktari anaizuia kwa dawa nyingine. Yeye ni wa maabara, hawezi kuniahidi kitu.

Saa kumi na mbili nje kulikuwa kweupe kwa ukungu wa asubuhi, geti halionekani. Dereva wa ambulensi alikuwa anafuta kioo. Akawasha injini.

Mlango ukafunguka. Kabla muuguzi hajasema neno, nilisikia kikohozi nyuma yake, kile nilichokichukia tangu mwezi wa sita. Nikakisikiliza hadi mwisho. Kilikuwa kikavu.

Muuguzi aliinamisha bakuli nione. Mate tu, na uzi mmoja wa kahawia. Akampungia dereva mkono azime.

"Ingia, mama," alisema. "Lakini hiyo sweta ya kinuni iache nje."

Nikaiacha kwenye benchi.