Chujio Jekundu la Mdogo Wangu

Kwa miaka mingi sikuwahi kujiuliza gari linavuta hewa kutoka wapi. Nilijua linakunywa dizeli, nilijua oili inabadilishwa, nilijua tairi zinaisha. Hewa niliiona kama kitu kinachoingia chenyewe.

Pikapu yetu niliinunua baada ya kuwapikia wachimbaji wa Nyarugusu kwa muda mrefu. Ilibeba mchele, maharage, mkaa na maji ya kunywa. Dereva alikuwa mdogo wangu wa kiume, na siku ambazo yeye hayupo niliendesha mwenyewe. Njia yetu ilikuwa ya vumbi jekundu, na tukifika kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, tulipokelewa na vumbi jingine, jeupe na laini kama unga wa muhogo. Jioni ukijipangusa uso huwezi kujua lipi ni lipi.

Mwaka mmoja gari likaanza kuwa zito. Kuna kilima kabla ya machimbo ambacho zamani tulikipanda kwa gia ya tatu; sasa kilitaka ya pili, na wakati mwingine ya kwanza. Mdogo wangu akaenda Kahama kutafuta spea, akarudi amekumbatia boksi kifuani.

"Dada, gari letu lina mafua," akaniambia. "Linapumua kwa pua iliyoziba. Nimelipatia pua mpya."

Ndani ya boksi kulikuwa na chujio jekundu la pamba, lenye umbo la pia, na bomba linalong'aa mpaka unaona meno yako. Muuzaji alikuwa amemwambia kwamba chujio lile halitupwi, linafuliwa na kurudishwa. Kwamba gari litapata nguvu, litakula mafuta kidogo. Siku ile ile mdogo wangu akang'oa lile sanduku jeusi la plastiki ambalo gari lilikuja nalo, akafunga kitu chake kipya, akawasha.

Sauti ilibadilika. Ukikanyaga mafuta, injini ilivuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Tukaenda Nyarugusu, tukapanda kile kilima kwa gia ya tatu. Mdogo wangu alicheka peke yake njia nzima, na mimi nikacheka. Kwa juma moja niliamini kila alichosema.

Kisha tukapita nyumbani, Ushirombo, kuwasalimia wazazi. Baba yetu alikuwa dereva wa misheni mpaka alipostaafu. Amewaendesha mapadri katika njia ambazo hazikuwa njia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Fungua boneti. Nimesikia hiyo sauti tangu mlipovuka mto."

Akainama, akatazama kwa muda mrefu. "Sanduku liko wapi?"

"Tumelitoa, baba," mdogo wangu akajibu. "Lilikuwa linabana hewa."

"Na hiki kinavuta hewa ya wapi?"

"Hewa ni hewa, baba."

Baba akanishika mkono, akauweka karibu na lile chujio. "Unasikia nini?"

"Moto," nikasema.

"Hewa ya moto, iliyotoka kupoza injini. Sanduku lilikuwa linavuta ya baridi kutoka kule pembeni, nyuma ya taa. Waliolitengeneza hawakuwa wajinga."

"Lakini gari limepata nguvu," mdogo wangu akasema. "Muulize dada."

Wote wawili wakanigeukia. Nikasema ni kweli, limepata nguvu. Nikasema pia kwamba mkono umeungua.

Nikaamua kumuuliza mtu asiye wa ukoo. Nyahanga, pale Kahama, kuna fundi ambaye gereji yake haina hata kibao, na bado magari yanapanga foleni. Ni Msukuma wa makamo, mpole, na yeye kila mwanamke humwita mayu, yaani mama.

"Mayu, chujio hili si baya," akaniambia. "Lakini kinachopitisha hewa kirahisi, na vumbi hukipita kirahisi. Ila likipakwa mafuta yake vizuri, vumbi linanata."

"Kwa hiyo nilitoe?"

"Sijasema hivyo."

"Niliache?"

"Na hivyo sijasema." Akafikiri kidogo. "Lile la karatasi, la zamani, mlipolitoa lilikuwaje?"

"Jeusi. Limejaa mpaka limevimba."

"Gashi!" akashangaa kwa Kisukuma, akapiga kofi paja lake. "Basi hata mngeweka la karatasi jipya, gari lingekuwa jepesi vile vile."

Hilo halikuwahi kunipitia akilini. Nikarudi nyumbani nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Kama nguvu zile zilitoka kwenye chujio jekundu, baba alikuwa na makosa. Kama zilitoka kwenye kuondoa uchafu tu, basi mdogo wangu alikuwa amefurahia kitu ambacho angekipata kwenye duka lolote la spea. Na mimi niliyekaa kwenye kiti cha mbele sikuwa na njia ya kujua, kwa sababu tulibadilisha yote mawili kwa siku moja.

Mwezi wa pili tangu alifunge, mdogo wangu alilifua chujio lake kwa sabuni, akalianika juu ya michongoma. Mafuta yake maalumu yalikuwa yameisha. Akachukua oili ya injini, akamimina. Nilimwona. Akaniambia anaongeza ili vumbi linate zaidi, na nikaona ni maneno yenye akili.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya jubilei parokiani, na tulikuwa tumeahidi kuibeba kwaya ya kigango chetu. Akina mama walipanda nyuma na vitenge vyao vya sare, wakaanza kufanya mazoezi ya wimbo wa kuingilia. Hatukufika mbali. Gari likaanza kurukaruka, likatoa moshi mweusi, likazima. Likawaka, likazima tena. Mara ya nne halikuwaka kabisa.

Mwenyekiti wa kwaya akachungulia dirishani. "Mwanangu, misa haitusubiri," akamwambia mdogo wangu, bila hasira. Wakashuka mmoja mmoja, wakavua viatu, wakavishika mkononi, wakaondoka kwa miguu. Niliwatazama mpaka sare zao zikawa doa moja la njano barabarani.

Mdogo wangu alikaa kwenye nyasi, kichwa kati ya magoti.

"Nilitaka tu liwe zuri," akasema.

"Lilikuwa zuri."

"Wewe hujui, dada. Kule machimboni madereva wenzangu wanaliita gari la mama lishe. Nikipaki wanauliza leo kuna wali au ugali. Nilipoweka hili chujio, walikuja kulisikiliza. Walisimama wakalisikiliza."

Nguvu, mafuta, vumbi, yote hayo nilikuwa nimeyauliza. Hili sikujua hata kwamba ni la kuuliza. Na mimi ndiye mama lishe mwenyewe.

Baba alikuja baada ya misa, kwa baiskeli, koti lake la Jumapili likiwa limefungwa vifungo vyote. Nilijiandaa kwa maneno makali, lakini alisema tu, "Kwaya imeimba vizuri," akafungua boneti. Akagusa hiki, akagusa kile, kisha akasimama wima. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona baba hajui cha kufanya mbele ya gari.

Tukampigia fundi wa Nyahanga, tukaweka sauti ya simu juu.

"Oili imezidi," fundi akasema. "Imevutwa na hewa, imefunika kifaa kidogo kilicho ndani ya bomba, kile kinachoipimia injini hewa. Kitoeni, kisafisheni kwa dawa ya kupuliza. Msikiguse kwa kidole."

"Magari yangu hayakuwa na kifaa hicho," baba akasema polepole, akasogea pembeni. Mdogo wangu ndiye aliyekitoa. Alijua kilipo. Akachukua ile baiskeli, akaenda Ushirombo mjini kununua dawa, akakipulizia, akakirudisha. Gari likawaka.

Hapo ndipo baba alipotoa leso yake nyeupe, akaipitisha ndani ya bomba, upande wa pili wa chujio, mahali ambapo hewa inapaswa kuwa safi. Ikatoka na rangi ya kahawia.

"Hiyo ni oili niliyomimina, baba. Imebeba uchafu wa juu."

"Oili safi haina mchanga." Akanipa leso. Nikaisugua kati ya vidole. Nilisikia chembechembe, au nilidhani nimezisikia kwa sababu nimeambiwa zipo. Mpaka leo sijui.

Tukakubaliana sanduku jeusi lirudi. Mdogo wangu alikuwa amelitupa nyuma ya nyumba ya wazazi siku ile tulipowasalimia, na tulipolikuta, kuku wa mama alikuwa amelalia mayai ndani yake. Tukanyoosha mikono, kuku akatudonoa.

"Hakuna wa kumwondoa huyo," mama akasema. "Subirini aangue."

Tukasubiri. Majuma mawili na zaidi gari liliendelea na chujio jekundu, safari hii likiwa limepakwa mafuta yake halisi, kidogo, kama fundi alivyoelekeza. Lilikwenda vizuri sana, na hilo lilinivuruga zaidi. Vifaranga vilipotoka, tukaosha sanduku, tukaweka chujio jipya la karatasi, tukalifunga. Kile kilima tukakipanda kwa gia ya tatu. Mdogo wangu akasema limekuwa zito kidogo. Baba, niliyempandisha siku nyingine kusudi asikilize, akasema limekuwa jepesi. Mafuta lilikula yale yale, kwa kadiri nilivyoweza kuona, maana mizigo yetu haikuwahi kufanana siku mbili.

Fundi alipofungua bomba baadaye alikuta mapanga ya turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, yamelika kidogo kwenye ncha. Nikamuuliza ni lini. Akasema vumbi haliandiki tarehe.

Sasa tunabadilisha karatasi kabla haijawa nyeusi, na mdogo wangu anaendesha kimya zaidi kuliko zamani. Huwa namwambia apaki mbali na mahali pa kupikia ili asiitwe yale majina. Lakini nimeona bado anashuka haraka, kabla wenzake hawajamwona ndani yake.

Juzi dereva mmoja pale machimboni aliniuliza kama machujio yale yana faida. Nilimweleza yote: moto, nguvu, leso, kifaa cha hewa, mpaka kuku. Alinisikiliza kwa heshima, akanishukuru. Juma lililofuata akaja amefunga jekundu, jipya kabisa.

"Asante kwa ushauri, mama," akaniambia, akakanyaga mafuta nilisikie.