Lukumani, Mkusanya Watu

Assumani aliuza betri na paneli za sola sokoni Kasongo, na mteja aliyekaa kungoja simu yake ijae chaji alisikia habari za Lukumani, apende asipende. Wenzake wa rika lake walikuwa wakitafuta mke wa pili. Yeye alitafuta ushahidi.

Lukumani, babu wa baba yake, alifanya kazi ya sinema zama zile sinema ilipokuwa bubu. Mwenyewe hakuonekana kwenye picha. Wazungu wawili walikuja na mashine ya kuzungushwa kwa mkono, naye ndiye aliyewatafutia wapagazi, mitumbwi, mihogo, na watu wa kujaza picha. Lakini filamu ilipotea, na mji ukabaki na kumbukumbu ya mtu aliyetembea nyuma ya wazungu na sufuria zao.

"Babu yako alikuwa boi," alisema Nourdine, muuza sukari wa kibanda cha pili, kila asubuhi kabla hata ya salamu. "Boi wa sinema, lakini boi tu."

Neno hilo lilimla Assumani kama kutu. Ndiyo maana aliposikia kwamba mama wa Bibi Émérance, kikongwe wa kijiji cha Wamaza, alipigwa picha na wazungu wale, alifunga kibanda, akapanda pikipiki, akaanguka kwenye tope mara kadhaa, akafika amefanana na kiazi.

Bibi alikuwa anamenya karanga. Alimpa konzi moja atafune.

"Muzungu alitaka matanga," alisema. "Matanga ya mutu mukubwa, na watu wengi. Lakini ilikuwa wakati wa kuvuna mupunga. Nani ataacha mupunga wake aende kulilia mashini?"

"Sasa Lukumani alifanya je?"

"Aliua mutu."

Assumani aliacha kutafuna.

"Si kwa kisu," bibi alisema. "Alitangaza tu: ndugu yangu Shabani wa ng'ambo amekufa njiani, mwili unakuja. Watu wote wakakuja, Waislamu na siye Wakristo. Mama yangu alilia mpaka sauti ikakauka. Na ndani ya sanda ilikuwa mugomba."

"Mgomba wa ndizi?"

"Uko mugomba wa samaki?"

Bibi alicheka mpaka karanga zikamwagika. Assumani hakucheka. Kila mwaka ukoo wao ulisoma hitima ya Babu Shabani wa Ng'ambo. Shangazi yake Rachida ndiye aliyeiandaa, na heshima yake mtaani ilisimama juu ya sufuria ile ya pilau. Sasa alielewa. Watu walileta kuku na machozi ya kweli, Lukumani akaogopa kusema. Akafanya arobaini. Baada ya arobaini, mwaka. Kisha akaenda kutafuta kazi mbali, akafa huko, na hakuna aliyemtandikia hata mkeka.

Njia nzima ya kurudi Assumani alipima. Akinyamaza, Lukumani anabaki boi. Akisema, shangazi anakuwa mwanamke aliyelisha mtaa mzima kwa jina la mgomba. Na hitima ilikuwa siku ileile.

Alimkuta jikoni, akamwambia yote. Rachida alifunika sufuria polepole.

"Kwa hiyo miaka yote napikia mugomba."

"Ndiyo, shangazi."

"Na unataka kusema mbele ya watu."

"Nataka wajue ile kazi aliyofanya."

Alifuta uso uliolowa mvuke. "Basi sema kabla hawajaanza kusoma. Wakikasirika, harufu ya pilau itawashika mulangoni."

Akasema. Watu walikuwa wameshaketi kwenye mikeka. Imamu Hamadi alishika tasbihi yake bila kuihesabu. Wa kwanza kusema alikuwa Nourdine.

"Ngoja. Bibi yangu alizimia ku ile matanga. Mpaka anakufa alituhadisia."

"Wako alizimia tu?" akasema mzee mmoja wa nyuma. "Wangu alitaka kurukia kaburi. Walimushika kwa nguvu."

"Wangu alilala ku kaburi siku tatu."

"Juu ya mugomba," mtu akasema, na kicheko kikapita chumbani kikiwa kimechanganyika na aibu. Wakaanza kubishana ni ukoo gani ulilia zaidi, kwa hasira ya watu wanaodai haki yao.

"Alitupata," Nourdine alisema mwishowe, akitikisa kichwa. "Mutu mumoja, mji muzima. Alitupata vibaya sana."

Hamadi akakohoa. "Sasa leo tunamusomea nani? Mimi, mugomba, siwezi."

Rachida alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Musomeeni Lukumani," alisema. "Ule alikufa kweli, na hakuna mutu aliyemulilia."

Hamadi akafungua msahafu. Nourdine alisogea kidogo, akamwachia Assumani nafasi kwenye mkeka.