Kungoja Amina

Tangu mume wangu azikwe, nyumba yetu ya Magwagwa imejaa ukimya ambao sikuuomba. Binti yangu akanipigia simu kutoka Nairobi, akaniambia nijifunze kutafakari. Nilimjibu kwamba kukaa kimya si jambo la kumfundisha mjane. Hakujali, akanieleza namna zake. Wapo wanaofuata pumzi ikiingia na kutoka, wapo wanaotembea polepole wakizisikiliza nyayo zao, na wapo wanaorudia neno moja mpaka moyo utulie.

Nilijaribu. Kutembea kulinishinda, kwa sababu nikifika kwenye shamba letu la majani chai mikono ilianza kuchuma yenyewe. Neno lililonijia kinywani lilikuwa jina la marehemu, nikaliacha. Nikabaki na pumzi. Jioni moja niliketi kibarazani, nikafumba macho.

Nikasikia lango likifunguliwa, kisha viatu vya jirani yangu, mama tunayesali naye kanisa moja. Kwetu aliyefumba macho anaomba, na anayeomba hakatizwi. Nilichungulia kidogo. Alikuwa ameketi kando yangu, sufuria yangu aliyoazima iko mapajani, kichwa ameinamisha na macho amefumba, akingoja niseme amina.

Nilijua nikiisema atanirudishia sufuria, atashukuru, ataenda zake kupika. Nikamsikia akipumua. Ilikuwa muda mrefu tangu nisikie pumzi ya mtu mwingine katika boma lile.

Sikusema amina.